Mada: Sinema ya Maria ilivyopokelewa Nakuru (na suala la kubebeana mizigo)

Kutoka: Mwana wa Bondeni (Lowell, ila kwa sasa niko nyumbani)

Hamjambo nyote,

Mlioniuliza kama ile sinema tuliionyesha kweli: tuliionyesha. Dada yangu anafundisha vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba, na alitaka wasikie habari za dawa za kulevya kabla ya kupanda ndege, ila si kwa hotuba. Hotuba wamezipata za kutosha kwa chifu na kwa pasta. Nikapendekeza Maria Full of Grace, filamu ya Joshua Marston ya mwaka 2004. Tukaazima projekta, tukatundika shuka ukutani kwenye ukumbi wa kanisa hapa Free Area, na watu wakaja kuliko viti.

Kwa ambao hawajaiona: Maria ni msichana wa miaka 17 huko Kolombia, kazi yake kutoa miiba kwenye mawaridi katika shamba la maua. Ana mimba, supervisa hana huruma, mshahara unaliwa na nyumba nzima. Anaacha kazi, anakutana na kijana mwenye pikipiki, na punde si punde yuko kwenye ndege ya New York na dawa tumboni, pamoja na wabebaji wengine watatu, mmoja wao akiitwa Lucy. Aliyeigiza, Catalina Sandino Moreno, aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na hata walioketi chini sakafuni hapa Nakuru wangempigia kura.

Filamu ni ya Kihispania, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na shuka lilikuwa na mikunjo. Kijana mmoja wa boda akashika maikrofoni, akaanza kutafsiri kwa mtindo wa DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia filamu za kigeni kwa mbwembwe. Supervisa akawa "supervisa wa Karagita", kule Naivasha kwenye mashamba ya maua. Mama yake Maria akapewa sauti ya shosho wa Bahati anayedai hela ya maziwa. Mwanzoni nilitaka kumnyamazisha, kisha nikaona watu wanafuata hadithi kuliko ambavyo wangeifuata kwa kusoma, nikamwacha.

Kwenye shamba la maua hakukuhitajika mtafsiri. Nusu ya ukumbi wamefanya kazi Naivasha au wamelelewa na mshahara wa Naivasha. Maria anapotapika juu ya maua na kuamriwa ayaoshe, mama mmoja aliyepanga mawaridi miaka mingi kando ya ziwa alisema kwa sauti, "Hiyo ni kweli kabisa." Halafu akalalamika kwamba wale wasichana wanapewa raha mno. Msimu wa Valentine, anasema, hawezi kukumbuka mtu aliyekuwa na nafasi ya kupiga stori. Mzozo wa ruhusa ya kwenda choo uliwakasirisha kuliko wauza dawa wote waliotokea baadaye. Nafikiri hapo ndipo walipohama upande: tangu dakika ile, chochote ambacho Maria angefanya ili atoke pale, walikuwa naye.

Wavulana walicheka alipojizoeza kumeza kwa zabibu. Zilipokuja dawa zenyewe, kicheko kikaisha.

Lakini kilichoniacha nikijiuliza ni mwisho. Mtanisamehe wale ambao mlitaka kuiona bila kuambiwa. Maria anafika kwenye lango la kupanda ndege ya kurudi, rafiki yake Blanca anatangulia, yeye anageuka anabaki New York na mimba yake. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. "Amebaki! Amebaki Amerika!" Na msichana mmoja wa darasa la dada yangu, kichwa chake ni chepesi kweli, akatupigia hesabu: "Wamepanda wanne. Lucy amekufa, mmoja ameshikwa, wawili wamefika. Wawili kwa wanne? Lotari ya grinikadi haijawahi kutoa hivyo."

Dada yangu aliniangalia mimi. Mimi niliangalia projekta.

Nyinyi mngemjibu nini? Pia, nasafiri wiki ijayo, na tayari sebule ya mama imejaa mifuko ya watu. Nisaidieni kwa yote mawili.

Kutoka: Dereva wa Lori (Dallas)

Bondeni, ulileta filamu ya mtu kufaulu halafu unashangaa wakishangilia. Huyo binti hajakosea hesabu, ni mtunzi aliyemwandikia hivyo. Maria ana sura nzuri, ana msimamo, mimba inamwokoa asipigwe eksirei pale uwanja wa ndege, na mwisho anabaki. Ungewaeleza kesi ya biashara ya dawa za kulevya ya ndugu wawili Akasha wa Mombasa. Walikamatwa 2014, wakapelekwa Marekani Januari 2017, na mahakama ya New York ikampa Baktash miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Hao walikuwa na pesa, mawakili na majina makubwa. Mtoto wa Free Area ana nini?

Kutoka: Mama Pacha (Doha)

Shemeji Dereva, hao Akasha hawatamtisha mtu wa Free Area. Atasema, mimi si tajiri wa Mombasa, mimi ni msichana natafuta nauli. Hadithi ya matajiri kufungwa watu huifurahia tu.

Mimi nimekaa huku Ghuba muda wa kutosha, na sijawahi kusikia msichana wetu akiambiwa meza kitu. Anaambiwa beba begi. Hilo ndilo sinema haionyeshi, na ndilo ningetaka darasa la dada yako liambiwe. Maria alijua alichobeba. Alikubali, akapewa bei, akaonywa. Wetu wengi hawapewi hata heshima hiyo. Anatokea mtu mwenye huruma, anasema kuna kazi, tiketi italipwa, utapitia mji fulani, utashuka na sanduku utampa fulani. Kazi yenyewe ndiyo sanduku.

Sote tunakumbuka Machi 2025, habari za dada yetu Mkenya aliyehukumiwa kifo Vietnam. Alikamatwa uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh mwaka 2023, zaidi ya kilo 2 za kokeini zikiwa kwenye sanduku. Alisema sanduku alipewa na hakujua lina nini. Sitaki kujadili kama alijua au hakujua, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba sentensi hiyo, "nimepewa, sikujua", haikumsaidia, na hapa jirani Saudia waliokutwa na hatia ya kusafirisha dawa wanaweza kuhukumiwa kifo na kukatwa kichwa. Serikali yao ilikuwa imesitisha kwa muda, ikaanza tena Novemba 2022.

Kwa hiyo huyo binti wa hesabu mjibu kwa hesabu yake. Mwambie filamu imehesabu wanne wa ndege moja. Na mwambie akikutana na ajenti anayelipa kila kitu, aende aangalie kama yumo kwenye orodha ya walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hayumo, achana naye, hata kama anasali kanisa moja na mama yako.

Kuhusu mizigo nitaandika jioni, nina zamu.

Kutoka: Nesi wa Usiku (Coventry)

Habari za kazi. Naongezea kwa upande wangu tu, kwa sababu mtafsiri wenu wa boda huenda aliruka sehemu ya Lucy.

Kidonge cha kokeini kikipasuka tumboni, moyo unaenda mbio, shinikizo linapanda, mtu anapata degedege, na hakuna dawa ya kuigeuza kokeini iliyokwisha kuingia mwilini. Kilichobaki ni kupoza, kutuliza na kukimbia naye chumba cha upasuaji. Heroini ni kinyume, inamzimisha mtu pumzi, na hiyo ina naloxone, dawa ya kuigeuza, lakini wingi ulioko kwenye kidonge kimoja unaishinda sindano moja na ya pili. Mgonjwa anayetuambia ukweli mapema ana nafasi. Anayekaa kimya kwa kuogopa polisi tunampokea akiwa amechelewa. Hilo ndilo jambo la kitabibu ningetaka kila mtu alijue: sema, hata kama utafungwa.

Sasa miraa. Najua Nakuru inauzwa kila kona na hakuna anayekunyooshea kidole. Uingereza iliipiga marufuku tarehe 24 Juni 2014, dawa ya daraja C, na Uholanzi walitangulia mwaka mmoja. Bado kila Desemba kuna mtu anamwekea mjomba "kidogo tu" kwenye begi. Mjomba wa Uingereza amezoea kahawa sasa, mwacheni.

Kutoka: Mzee wa Njoro (Seattle)

Asanteni. Swali langu ni fupi. Hayo ya mabegi ya wageni tumeelewa. Mkwe je? Mama mkwe akikuletea kifurushi kimeshonwa kwa uzi wa gunia, unamwambiaje "fungua nione"?

Kutoka: Mama Pacha (Doha)

Mzee wangu, pole. Hapo ndipo penye shida yenyewe, kwa sababu wa kukataa mgeni tuko wengi.

Mimi hufanya hivi. Kwanza, tarehe ya safari haijui kila mtu. Wanaoijua ni wale ambao ningewabebea hata wasiponiomba. Pili, begi langu nalifunga mwenyewe, mara ya mwisho, mlango ukiwa umefungwa. Tatu, kila kifurushi kinakuja wazi. Siombi radhi na siulizi "kuna nini?" Nasema uwanja wa ndege wanapasua kila kilichoshonwa, kwa hiyo tukipange upya ili kisiharibiwe. Hapo nimemlinda mama na kifurushi chake. Tunamimina unga kwenye mfuko mwangavu, tunachambua dengu, tunaongea habari za watoto, na nusu saa baadaye nimeona kila punje. Hajakasirika hata mmoja.

Nne, dawa. Hii ndiyo inayowakamata watu wasio na kosa. Shosho anampelekea mjukuu dawa za mgongo alizonunua kwa duka la dawa mjini. Ndani kuna tramadol au kodeini. Huku Ghuba hizo ni dawa zinazodhibitiwa. Falme za Kiarabu wanataka kibali kabla hujafika. Dawa yako beba kwenye pakiti yake yenye jina lako pamoja na karatasi ya daktari, na uangalie masharti ya nchi unayopitia, si ile unayoshukia tu. Dawa ya mtu mwingine usibebe. Hata Panadol. Panadol wanauza kila mahali.

Tano, anayesisitiza kwamba kifurushi chake kisifunguliwe, mwambie kuna kampuni za kusafirisha vifurushi, aandike jina lake na namba ya kitambulisho chake. Utaona kama bado ana haraka.

Ukishikwa hata hivyo, usitie sahihi karatasi ya lugha usiyoisoma, na uombe ubalozi wa Kenya ujulishwe. Ni haki yako katika Mkataba wa Vienna wa 1963, kifungu cha 36. Ubalozi hautakutoa, usidanganyike, lakini wanaweza kuja kukuona, kukutafutia wakili na kuwaeleza wa nyumbani uko wapi.

Kutoka: Karani (Worcester)

Kwa kuwa tumeshika mada ya dawa, jambo moja la wetu wa Massachusetts ambalo halina ndege wala begi. Bangi hapa wapiga kura waliihalalisha mwaka 2016, na maduka yanaajiri. Wanalipa vizuri, najua. Lakini uhamiaji ni wa serikali ya shirikisho, na huko bangi bado ni dawa inayodhibitiwa. Tangu Aprili 2019 mwongozo wa uhamiaji unasema wazi kwamba hata kufanya kazi kwenye duka la bangi lenye leseni kunaweza kukukwamisha ukiomba uraia. Na mwenye grinikadi akihukumiwa kwa kosa la dawa za kulevya anaweza kufukuzwa nchini. Nafuu ni moja, na ni nyembamba: kosa moja tu la kupatikana na bangi ya matumizi yako mwenyewe isiyozidi gramu 30. Muulizeni wakili kabla ya kujaza fomu ya kazi, si baada ya kuvaa fulana ya duka.

Kutoka: Mweka Hazina (Marietta)

Nimeiangalia filamu jana usiku kwa sababu yenu, na kuna mtu ambaye hakuna aliyemtaja. Don Fernando, yule mzee wa ofisi ndogo ya usafiri huko Queens. Mnajua aliyemwigiza ni nani? Orlando Tobón, na alikuwa anajiigiza mwenyewe. Ni Mkolombia aliyeishi Jackson Heights na kuendesha ofisi ya usafiri, na kwa miaka mingi alichangisha pesa kwa jirani na wateja ili miili ya Wakolombia waliokufa kwa kubeba dawa irudishwe kwao. Mamia ya miili. Wengi wao hakuna ndugu aliyethubutu kujitokeza kuwadai.

Nimesimamisha filamu hapo nikafungua katiba ya mfuko wetu wa msiba. Kifungu kinasema mwanachama "akifariki kwa sababu ya kushiriki uhalifu" kamati "inaweza" kukataa mchango. Kiliandikwa tukifikiria mambo ya bunduki na magari. Sasa nauliza rasmi: Lucy angekuwa mwanachama wetu, analipa kila mwezi bila kukosa, tungempeleka nyumbani?

Kutoka: Dereva wa Lori (Dallas)

Hapana. Kwa heshima zote, Mweka Hazina, pesa yangu ni ya kilomita za usiku. Siichangi ili walioshika njia ya mkato wapate jeneza zuri. Na tukikubali, kesho tutaambiwa tuchangie wakili.

Kutoka: Nesi wa Usiku (Coventry)

Dereva, mimi ndiye ninayeandika jina kwenye karatasi ya mguuni. Mara nyingine hakuna anayekuja. Siku zinapita, simu zinapigwa Kenya, huyu anasema si wetu, yule anasema tutawapigia. Anayeumia hapo ni mama aliyeko Kaptembwa ambaye kwanza hajui, na akijua hana wa kumwambia kanisani.

Wakili sikubali kuchangia. Kusafirisha mwili nakubali. Naona ni mambo mawili tofauti na yaandikwe kama mambo mawili.

Kutoka: Dereva wa Lori (Dallas)

Andikeni basi. Nitapiga kura ya hapana, lakini nikishindwa nitalipa.

Kutoka: Mweka Hazina (Marietta)

Nimeipokea. Kifungu kinarudi kwenye mkutano wa Jumapili ya mwisho wa mwezi, pendekezo la Nesi kama lilivyo: mwili ndiyo, mawakili hapana. Asiyekuwepo atume kura kwa ujumbe, na alipe malimbikizo kabla ya kupiga kura. Mnajijua.

Kutoka: Mwana wa Bondeni (bado Nakuru)

Nimerudi darasani leo na barua zenu. Nilisoma ya Mama Pacha kama ilivyo, nikaacha tu pale pa kukata vichwa kwa sababu kulikuwa na mama ya mwanafunzi mlangoni.

Yule binti wa hesabu alisikiliza, halafu akasema hivi: Maria alikuwa na Don Fernando na dada wa marehemu Lucy wa kukimbilia. "Mimi nikishuka huko na mambo yameharibika, nakimbilia kwa nani?" Sikuwa na jibu la haraka. Nimempa namba ya Mama Pacha, na dada yangu amebandika ukutani mahali pa kuangalia maajenti walioidhinishwa pamoja na namba za balozi zetu za Ghuba. Wameanza kuzinakili nyuma ya pasipoti. Nimewaambia wazikariri pia, maana pasipoti huko mara nyingi hushikwa na mwajiri.

Kijana wa boda anataka turudie kuionyesha, safari hii Kaptembwa, na anasema mwisho ataubadilisha kidogo kwenye tafsiri. Tumebishana. Mimi sitaki abadilishe kitu, nataka wapige makofi tena, halafu tuanze kuongea hapo hapo.

Kuhusu mizigo, nusu ya mifuko imerudi kwa wenyewe tangu niseme inafunguliwa. Nyama kavu nimeikataa yote, Marekani hawaipokei kutoka kwetu. Mzee wa Njoro, mfuko uliobaki ni wa mama mkwe wako: unga wa uji, mweupe pe, umeshonwa mara mbili kama ulivyosema. Naenda kwake kesho saa nne asubuhi na mfuko mwangavu na kisu. Mpigie wewe kwanza, kabla sijafika.